Efebo na Omomura: Ujana Ulipokuwa Zamu



Nimeombwa nizungumzie neno moja la Kigiriki cha kale, na najua wengine mmekuja mkijiuliza Wagiriki wanatuhusu nini sisi watu wa Tarime na Serengeti. Nianze basi na kitabu ambacho wengi wenu mnacho nyumbani. Katika Matendo ya Mitume, Stefano anapopigwa mawe, mashahidi wanaziweka nguo zao miguuni pa kijana aitwaye Sauli. Mbele kidogo, sura ya 20, kuna kijana mwingine, Eutiko, aliyekaa dirishani Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane; usingizi ukamchukua, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Wote wawili kwa Kigiriki wanaitwa neanias. Lakini Sauli anaondoka pale na kuanza kuingia nyumba kwa nyumba kukamata watu, ilhali Eutiko, mistari michache tu baada ya kuanguka, anatajwa kwa neno la mtoto. Neanias lilikuwa neno pana kama neno letu kijana: linamchukua anayesinzia ibadani na anayetia watu gerezani.

Neno la leo si hilo. Ni efebo, na katika Agano Jipya halimo hata mara moja. Wakatoliki watalikaribia katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 4, pale Yasoni anapomhonga mfalme Antioko, kama mwaka 175 KK, apewe ukuhani mkuu na ruhusa ya kujenga Yerusalemu uwanja wa mazoezi na mahali pa kuwafunza maefebo. Wayahudi wacha Mungu walilia. Walijua kwamba anayeleta efebo haleti michezo tu, analeta serikali.

Hebe, kwa Wagiriki, ni balehe: ndevu za kwanza, sauti kuwa nzito, nguvu za mwili kuja juu. Walimpa jina hilo mungu wa kike anayewamiminia miungu wenzake kinywaji, wakamwoza kwa Herakle. Efebo ni yule aliyeifikia hebe. Kama wangeishia hapo, Mswahili wa pwani angesema barubaru na mambo yangekwisha. Waathene hawakuishia kwenye ndevu. Sheria yao ilihesabu miaka miwili baada ya balehe, ikapiga mstari kwenye miaka 18, na kuanzia hapo neno likatoka mwilini likaingia kwenye daftari. Ungeweza kuwa na kifua cha simba na usiwe efebo, kwa sababu hujaandikwa.

Tunayajua haya kutokana na kitabu kimoja kinachohesabiwa kuwa cha Aristotle au cha wanafunzi wake, Katiba ya Waathene. Kilipotea kwa karne nyingi, kikapatikana kwenye mafunjo yaliyotunzwa na ukavu wa Misri, kikachapwa London mwaka 1891. Sura ya 42 ni fupi, lakini mimi huisoma kama mtu anavyosoma mkataba wa shamba, kifungu kwa kifungu.

Mvulana akitimiza miaka 18, watu wa kijiji chake wanakaa kikao. Wanakula kiapo kwanza, halafu wanapiga kura. Je, anaonekana ametimiza umri? Je, ni mtu huru, aliyezaliwa kihalali? Wakimkataa kwa umri, anarudi kwa watoto wenzake asubiri. Wakisema si huru, anaweza kwenda mahakamani. Akishinda, wanalazimika kumwandika, na akishindwa, mji unamuuza utumwani. Majina yaliyopita yanapelekwa kwenye Baraza, nalo linayakagua upya. Likikuta yumo ambaye hajafika 18, wanaotozwa faini ni wanakijiji waliompitisha. Hebu tulipige picha hilo hapa kwetu: watu wazima wa kijiji watozwe faini kwa kumpitisha mtoto kuwa mtu mzima kabla ya wakati wake.

Kisha kinakuja kifungu ninachokipenda kuliko vyote. Baba za hao vijana wanakusanyika kabila kwa kabila, maana Athene ilikuwa na makabila 10. Wanaapa, wanachagua wanaume watatu waliovuka miaka 40, wale wanaowaona wanafaa zaidi kulea. Wananchi wanapiga kura kumchukua mmoja katika hao watatu. Huyo anaitwa sofronisti, mtia akili, na juu ya watia akili wote kuna msimamizi mmoja. Vijana wanazungushwa kwanza kwenye mahekalu ya mji, halafu wanashuka bandarini Pirea kulinda. Wanafundishwa kupigana kwa silaha nzito, kulenga upinde, kurusha mkuki, na kutumia mitambo mikubwa ya vita. Posho ni oboli 4 kwa siku kila mtu, ila kijana mwenyewe haishiki. Mtia akili anapokea posho ya watu wa kabila lake, anakwenda sokoni, ananunua chakula, na wote wanakula pamoja. Watu wa fedha wa halmashauri mliopo hapa mtaona kwamba aliyekuwa anatafutiwa uaminifu pale si kijana peke yake.

Mwaka wa pili wananchi wanakutana kwenye ukumbi wa maonyesho. Vijana wanaonyesha walichojifunza, na mji unawakabidhi ngao na mkuki. Wanatoka kwenda kuzunguka nchi na kukaa kwenye ngome za mpakani. Kwa miaka yote miwili hawalipi kodi, hawashtaki wala hawashtakiwi, isipokuwa kwa kesi za urithi au za ukuhani wa ukoo, ili asipatikane mtu wa kuwang'oa lindoni kwa visingizio. Ikiisha, imeisha. Wanakuwa wananchi kama wengine, na jina la efebo wanawaachia wadogo zao.

Kiapo chao kipo. Kimechongwa kwenye jiwe la karne ya 4 KK, lililoonekana kijiji cha Akarne miaka ya 1930. Kijana anaahidi kutoziaibisha silaha alizopewa, kutomwacha mwenzake aliyesimama ubavuni pake vitani, na kuikabidhi nchi kwa wanaokuja ikiwa kubwa na bora kuliko alivyoipokea. Mashahidi wanaotajwa mwishoni ni miungu, kisha mipaka ya nchi yenyewe, kisha ngano, shayiri, mizabibu, mizeituni na mitini. Mkurya angeutaja ulezi, na angeelewa mara moja kwa nini zao la shambani linaweza kuitwa shahidi.

Kwa hiyo sasa turudi nyumbani, kwa sababu mambo haya ya mipaka na zamu hayakuwa mageni huku.

Upande wa Serengeti, kwa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, wazee wanaijua habari ya orokoba, dawa ya kuizungushia nchi. Kundi lililoshika zamu lilitembea kuuzunguka mpaka kwa miguu, dawa ikawekwa, nchi ikafungwa isiingiwe na adui wala maradhi. Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu ambazo kwa masimulizi yao zilitoka kwa mganga wa Kitatoga, nazo hazitengani na makundi haya ya rika. Na baada ya njaa, magonjwa na mashambulizi ya Wamasai mwishoni mwa karne ya 19, watu hawa walijipanga upya kwa rika, mpaka hata makazi yakagawanywa kwa majina ya rika. Jan Shetler, mwanahistoria wa Kimarekani aliyekusanya simulizi za wazee wa Mara, ameandika haya kwa kirefu. Ninachokiona mimi ni hiki: efebo aliyezungushwa mahekalu na kijana wa Ikoma aliyezungushwa mpaka walikuwa darasa moja. Nchi huwezi kuilinda kwa kuambiwa. Lazima miguu iijue.

Upande wa Tarime tuna mambo mawili ambayo wageni huyachanganya. Kuna amakora, vizazi vinavyopokezana katika mizunguko miwili: Abasaai, Abanyamburiti, Abagamunyere na Abamaina upande mmoja, Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi upande wa pili. Hiyo unazaliwa nayo, unaifuata ya baba yako. Na kuna esaro, tohara, ambayo hukuzaliwa nayo. Unaisimamia kwa miguu yako, bila kupepesa macho, mbele ya watu. Kabla yake wewe ni omorisya. Baada yake wewe ni omomura, na waliosimama nawe msimu ule ni wenzako mpaka kaburini. Anayeamua kama mwaka huu kuna esaro au hakuna si baba yako. Ni inchama, kikao cha wazee kinachokaa faraghani na kusoma dalili za nchi.

Hapa niseme jambo litakalowachekesha. Efebo wa Kigiriki hakutahiriwa. Wagiriki waliiona tohara kuwa kituko cha Wamisri na majirani zao, na kule Yerusalemu ya Yasoni wapo Wayahudi waliojaribu kuificha yao wasiaibike uwanjani. Maana yake ni kwamba Perikle, Sofokle, Aristotle mwenyewe, wote wangefika Tarime leo wangeitwa abarisya na kuketishwa na watoto. Ninalisema kwa sababu linatuonyesha kitu. Wao walimpata mwanamume wao bila kisu hata kidogo. Walimpata kwa kikao, kiapo, mlezi, chakula cha pamoja, mpaka na tarehe ya kumaliza. Na omomura wa zamani, ukimchunguza vizuri, naye hakutengenezwa na kisu. Kisu kilikuwa mlango. Ndani ya nyumba kulikuwa na kazi: kulinda ng'ombe, kuitikia yowe usiku, kwenda walikokwenda wenzake wa esaro yake, kuwatii wazee waliomruhusu kushika silaha.

Kazi hiyo ilichukuliwa. Wajerumani walijenga ngome Shirati kule ziwani na nyingine Ikoma, na tangu siku ile ulinzi wa nchi ukawa na mwenyewe mwingine. Kabla hata hawajafika, mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 ulikuwa umeshapiga mstari unaokutana na Ziwa Viktoria kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta, ukawagawa Wakurya pande mbili. Omomura akaamka akakuta mpaka anaoulinda si wake, na ulio wake umepita katikati ya shemeji zake.

Alichofanya baadaye kinajulikana. Wengi waliingia jeshini, kwanza King's African Rifles ya Waingereza, kisha Jeshi la Wananchi, na sifa ya Mkurya askari haikuja bure. Wengine waliendelea na ng'ombe. Michael Fleisher, aliyeishi na kutafiti huku na kuchapisha kitabu chake mwaka 2000, alieleza kwamba wizi wa mifugo wa karne iliyopita ulibadilika kutoka uvamizi wa kishujaa kati ya makabila ukawa biashara, ng'ombe wanavushwa kuuzwa Kenya, Mkurya anamwibia Mkurya wa koo nyingine. Na kwamba baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 silaha za moto zilizagaa. Mahari ikiwa ni ng'ombe wengi na baba hana, kijana anajua pa kuwatafuta.

Wagiriki wasitucheke kwa hili. Mwanahistoria Mfaransa Pierre Vidal-Naquet, mwaka 1968, aliandika insha maarufu juu ya efebo na akaikamata siri yake: huyu anayefundishwa kusimama mstarini mchana kweupe, uso kwa uso na adui, anakaa miaka miwili mahali pa usiku, pa porini, pa mpakani, pa hila. Na sikukuu ambayo wavulana walinyolewa nywele na kutambulishwa kwa ndugu wa ukoo ilikuwa na kisa chake. Athene na jirani zake wa Boyotia waligombea kipande cha ardhi cha mpakani, wakakubaliana wapigane wawili tu. Melantho wa Athene akamwambia mpinzani wake, Xantho: mbona umekuja na mtu wa pili nyuma yako? Xantho akageuka kutazama. Akachomwa mkuki. Hivyo ndivyo Waathene walivyoshinda, na siku ya kuwapokea watoto wao ndiyo waliyoifungamanisha na udanganyifu ule. Walijua kwamba kijana ana hila na ana usiku ndani yake. Wakampa mahali pa kuzitumia, muda maalumu, na mzee wa kumrudisha.

Sisi tumebaki na usiku bila mzee wa kumrudisha.

Nikumbushe pia kwamba hata wao walipoteza. Utaratibu niliousimulia ulishika sura yake kamili baada ya Athene kushindwa na Filipo wa Makedonia kule Kaironea mwaka 338 KK. Haukuchukua muda mrefu. Miaka miwili ikawa mmoja, lazima ikawa hiari, wakabaki watoto wa wenye nacho, na kufikia mwishoni mwa karne ya 2 KK hata wageni wakaandikishwa. Mpaka ukawa wa Warumi. Efebo hana cha kulinda. Akabaki kuandamana kwenye sherehe akiwa na joho jeusi, mpaka tajiri mmoja, Herode Atiko, akawanunulia majoho meupe katika karne ya 2 BK. Lakini hata katika kuporomoka huko kulikuwa na kitu: walihudhuria mihadhara ya wanafalsafa, na kundi la kila mwaka liliwajibika kuacha vitabu 100 kwenye maktaba ya uwanja wao. Nimewahi kulitaja hilo mbele ya walimu wakuu na nikaona macho yanavyong'aa.

Sasa tutazame Desemba ya hapa, mwaka ambao wazee wameruhusu. Shule zimefungwa. Mvulana anatoka kwa ngariba amefungwa shuka au kanga, noti zimebanwa kifuani kwa pini, filimbi zinalia, ndugu wamemzunguka na mapanga na matawi, magari yanasubiri, iritungu linapigwa mahali. Ni kitu kizuri kukitazama na sitaki mtu aseme nimekuja kukibeza. Ila mtazameni usoni. Mara nyingi ni mwanafunzi wa shule ya msingi. Kwa esaro ameshakuwa omomura. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 atakuwa mtoto mpaka atimize 18. Kwa sera ya taifa ya vijana ya mwaka 2007 atakuwa kijana kuanzia 15 hadi 35. Kwa Katiba anaweza kugombea ubunge akiwa na 21, urais asubiri 40. Januari anarudi darasani, na kazi iliyokuwa ndani ya nyumba ile ya zamani haipo. Noti zinaisha. Anachobaki nacho ni ruhusa ya kumdharau mwalimu wa kike na ya kutowasikiliza dada zake.

Na dada zake ndio sehemu ambayo sitaizunguka. Athene haikuwa na efebo wa kike. Binti alitoka kwa baba akaenda kwa mume, basi. Huku kwetu binti alipewa esaro, na alichopata ndani yake ni kisu. Asiyekeketwa anaitwa omosagane kisimani na sokoni, na neno hilo limewapeleka wengi kwa ngariba kuliko fimbo. Ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kila msimu mabinti wanakimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu, wengine usiku, kwa miguu. Binti anayetembea usiku kupitia vichaka ili alinde mwili wake na masomo yake ameonyesha kila kitu ambacho esaro ilidai kupima. Kama kuna anayestahili kuitwa kwa jina la heshima msimu ule, ni yeye.

Mtaniambia serikali ilishajaribu. Kweli. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na ndicho kitu kilichomkaribia efebo zaidi katika nchi hii: sare, kiapo, chakula cha pamoja, shamba, bunduki, na tarehe ya kumaliza. Lilipofanywa la lazima kwa wasomi, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Oktoba 1966, na Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, akawafukuza zaidi ya 300, kisha akajipunguzia mshahara wake mwenyewe. Lazima hiyo ilisitishwa mwaka 1994, ikarudi 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Kambi yake ya Rwamkoma ni jirani yetu, vijana wake mnawaona. Lakini JKT inamchukua aliyefika kidato cha sita au aliyebahatika kuchaguliwa. Yule wa Nyamongo aliyeishia darasa la saba, au yule wa kijiji kinachopakana na hifadhi ambaye usiku anafukuza tembo shambani kwa debe na tochi, hana wa kumwita.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wazee wa inchama, kwa madiwani na kwa baba mliokaa hapa. Msimu ujao mkiruhusu tohara ya wavulana, ongezeni mambo haya, hayahitaji fedha ya mfadhili. Msimpitishe mtoto kabla ya umri, na mkimpitisha, faini iwe yenu. Baba wa kila kijiji wachague watu watatu waliovuka miaka 40, wasio na kesi ya mifugo, wananchi wamchukue mmoja. Akifika 18, omomura azungushwe mpaka wa kijiji chake kwa miguu, aonyeshwe vyanzo vya maji vinavyolisha Mto Mara na mashamba ya wajane, apewe mwaka mmoja wa zamu: tembo, maji, barabara, na ng'ombe wa jirani kama wake. Mabinti waandikwe kwenye daftari hilo hilo, wale kwenye chungu hicho hicho, bila kisu. Kila kundi liiachie shule yake vitabu 100. Na siku zamu inapoisha, wananchi wakutane waseme imeisha. Wazee wa inchama mnao uwezo wa kutangaza hili hata kesho, tunawasubiri.